Nyumba Ishirini na Saba

Kila siku saa kumi jioni Mwanaheri alipotoka shule, hata kabla hajavua sare, mama yake alimkabidhi simu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kumwambia, "Kaitume kazi, mwanangu."

Mama yake, Zuhura, alikuwa mhudumu wa afya wa kitongoji cha Kwemlumbi, bondeni, kati ya Soni na Bumbuli. Asubuhi alizunguka kwenye nyumba za watu na mzani wake, akawapima watoto uzito, akawazungushia mkononi utepe wa rangi tatu, kisha akaandika majibu kwenye simu ya Android aliyopewa na mradi. Rangi ya kijani ilimaanisha mtoto yu salama, njano ilimaanisha ameanza kudhoofika, na nyekundu ilimaanisha hospitali siku hiyo hiyo.

Bondeni hapakuwa na mtandao. Taarifa zilibaki ndani ya simu mpaka mtu apande nusu saa hadi kwenye jiwe kubwa lililo juu ya mashamba ya chai, abonyeze neno "Tuma", na asubiri hesabu ya taarifa zisizotumwa ifike sifuri. Zuhura alikuwa na goti bovu. Kwa hiyo aliyepanda ni Mwanaheri, mwanafunzi wa darasa la sita.

Mwezi wa Agosti njia ile ni mbaya. Ukungu hushuka mapema, manyunyu hayakatiki, na udongo mwekundu huteleza. Alhamisi moja Mwanaheri hakupanda. Aliishia njiapanda, nyumbani kwa rafiki yake Loveness, ambako jikoni kulikuwa na moto na mahindi ya kuchoma. Loveness alikuwa na mchezo wa mbio za magari, aliopewa na kaka yake kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Waliuingiza kwenye simu ya Zuhura, wakacheza mpaka jua lilipokaribia kuzama.

"Umetuma?" Zuhura aliuliza Mwanaheri aliporudi.

"Nimetuma, mama."

"Zote?"

"Zote."

Ijumaa alisema hivyo hivyo. Jumamosi, Jumatatu na Jumanne pia.

Jumatano simu iligoma. Matangazo yalijitokeza juu ya kila kitu, na kila Mwanaheri alipojaribu kuuondoa mchezo, kioo kiliganda. Alibahatika mara moja tu kuufungua ukurasa wa mama yake. Taarifa zisizotumwa zilikuwa ishirini na saba.

"Simu yenu imepandisha mashetani," Loveness alisema akicheka. "Kaka Valentino huwa anaziosha. Unaizima, unabonyeza cha kuwashia pamoja na cha kuongezea sauti, inarudi kama ilivyotoka kiwandani."

"Na vilivyomo ndani?"

"Si vinaondoka? Ndiyo maana ya kuosha, we naye!"

"Vya mama je?"

"Kwani ulimwambia umevipeleka au hujavipeleka? Vimeshakwenda, basi." Loveness alipasua hindi katikati akampa kipande. "Au unataka aukute mchezo?"

Mwanaheri alibonyeza vitufe. Kioo kilimletea maandishi ya Kiingereza yaliyosema kwamba data zote za mtumiaji zitafutwa na hazitarudi. Aliyasoma na akayaelewa. Akabonyeza kukubali.

Simu ilipowaka ilimkaribisha kama mgeni, ikamwomba achague lugha. Halafu ikadai akaunti iliyokuwa ikitumika mwanzo, pamoja na neno lake la siri. Mwanaheri hakuwa nalo. Loveness hakuwa nalo. Haikufunguka.

Jioni hiyo Zuhura aliigeuzageuza simu karibu na dirisha. "Imekuwaje hii?"

"Imejizima yenyewe, mama. Ilipowaka ikawa hivyo."

Zuhura aliguna, akairudisha mfukoni. "Jumatatu nitampelekea daktari Hezekia pale zahanati. Chombo kuharibika kupo. Bahati nzuri kazi yote imeshakwenda." Alikaa, akaanza kumenya viazi. "Hasa yule mtoto wa Klara, ng'ambo ya mto. Utepe ulisoma njano. Nimemwambia atulie, zahanati wakiiona taarifa watamtuma mtu wa pikipiki aje kumwita, akachukue unga wa lishe."

Kisu kiliendelea kumenya. Mwanaheri akawa anaokota maganda. Alikuwa na nafasi ya kusema, na alijua kwamba ni nafasi. Aliokota maganda yote, akayapeleka kwa mbuzi.

Alhamisi ikapita. Ijumaa nayo ikapita, na mvua juu yake.

Jumamosi asubuhi Mwanaheri alikwenda kuchota maji chemchemini. Alimkuta Klara amesimama kando ya ndoo yake, mwanawe Alen yuko mgongoni, amefunikwa kanga mbili na sweta la mtu mzima.

"Shikamoo, mama Alen."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie mama yako, mtu wa pikipiki simwoni mpaka leo. Kila nikisikia mlio barabarani natoka nje, kumbe ni watu wa kabichi."

"Alen hajambo?"

"Analala mno. Chakula hataki. Lakini Mungu si mchoyo, miguu imeanza kunenepa. Hebu itazame." Klara alisema hivyo karibu kwa furaha.

Mwanaheri aliitazama. Miguu miwili midogo ilining'inia chini ya kanga, imejaa, inang'aa, na juu yake mapaja yalikuwa membamba kama mikono. Mara nyingi alikuwa amemwona mama yake akibonyeza miguu ya watoto kwa kidole gumba. Alinyoosha mkono, akabonyeza polepole, akahesabu hadi kumi, akaachia. Kishimo kilibaki. Alisubiri. Kishimo hakikujaa.

"Mama Alen, hajanenepa," alisema. "Ni uvimbe. Mama alinifundisha. Mtoto wa hivi anapelekwa hospitali leo leo."

"Si nimeambiwa nisubiri?"

"Hakuna atakayekuja. Taarifa ya Alen haikufika. Imefutwa."

"Imefutwa na nani?"

Ndoo ilikuwa imejaa, maji yanamwagika. "Na mimi," Mwanaheri alisema.

Klara alikaza kanga mgongoni, akaiacha ndoo pale pale, akaanza kupanda njia ya zahanati. Mwanaheri alimpita mbio kwenda shambani kwa mama yake. Alimweleza yote akiwa amesimama kwenye tuta la karoti, kuanzia Alhamisi ya kwanza, hakuruka siku. Zuhura hakuinua mkono wala sauti. Aliweka jembe chini, akanawa mikono kwenye mfereji na kusema, "Kauchukue mzani." Njia nzima ya kwenda zahanati hakusema neno jingine. Mwanaheri angeona afadhali apigwe.

Hezekia, muuguzi wa zahanati ambaye kila mtu pale alimwita daktari, alimpima Alen, akabonyeza miguu yote miwili, akapiga simu kuomba gari. Katika saa moja Klara na mtoto walikuwa njiani kwenda hospitali ya Bumbuli. Klara alipopanda garini hakugeuka nyuma.

Ndipo Hezekia akakaa, akavuta karatasi.

"Mara ya mwisho kupanda jiweni ilikuwa lini?"

"Jumatano ya wiki iliyopita, daktari."

"Simu uliifuta lini?"

"Jumatano hii."

"Zilikuwepo taarifa ngapi ambazo hazijatumwa?"

"Ishirini na saba."

"Kwa hiyo uliiona hesabu kabla ya kufuta."

"Niliiona."

Hezekia aliandika. Kisha akamgeukia Zuhura. "Na wewe, Mama Mwanaheri, daftari uliacha lini kuandika?"

"Tulipopewa simu," Zuhura alisema kwa sauti ndogo.

"Basi hilo ni lako. Chombo kimoja hakitoshi. Na kazi ya kutuma umepewa wewe, hakupewa mtoto. Kama goti halikuruhusu, ungenieleza." Aliishika simu iliyokwama. "Hii inadai akaunti iliyofunguliwa na watu wa mradi. Ni ulinzi. Mtu akiifuta simu kwa vitufe, yenyewe inamchukulia kama mwizi mpaka alete akaunti ya mwenyewe. Itabidi iende wilayani, na kule itakaa wiki nzima."

Alifungua kabati, akatoa simu nyingine ya aina hiyo hiyo, iliyorudishwa na mhudumu aliyestaafu. "Mtatumia hii. Lakini ina mambo ya mwenzenu, lazima niifute kwanza. Mwanaheri, sogea uone kazi hiyo inavyofanywa."

Aliifanya bila haraka. Alitazama kwanza hesabu ya taarifa zisizotumwa, akamwonyesha: sifuri. Alihamishia picha na namba za watu kwenye kompyuta ya zahanati, kisha akazifungua picha mbili tatu kule kuhakikisha kweli zimefika. Alimpigia simu yule mhudumu mstaafu, akamweleza anachotaka kufanya, na kumwomba neno la siri la akaunti. Aliitoa laini, akaitoa na kadi ya kumbukumbu. Alitazama chaji: ilikuwa asilimia thelathini, akaichomeka kwenye umeme na kungoja.

"Kwa nini tunangoja?" Mwanaheri aliuliza.

"Ikizimika katikati ya kazi inaweza isiwake tena."

Chaji ilipopita nusu, Hezekia aliingia kwenye mipangilio, akaiondoa akaunti ya yule mstaafu, na baada ya hapo tu ndipo akatafuta sehemu ya kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Ujumbe ule ule wa kufuta data ulijitokeza, safari hii kwa Kiswahili. "Soma kwa sauti," alisema. Mwanaheri alisoma. "Kuna kitu ndani ambacho mtu yeyote anakihitaji?"

"Hakuna."

"Umejuaje?"

"Tumetazama."

Hezekia akabonyeza. Simu iliwaka, ikakaribisha, haikudai akaunti ya mtu. Aliweka akaunti ya mradi na fomu za Zuhura, akaikabidhi.

Kuanzia Jumapili hiyo nyumba zote ishirini na saba zilirudiwa. Siku za shule walizunguka baada ya masomo mpaka jua lilipokaribia kuzama. Mwanaheri alibeba mzani mgongoni na daftari jipya kifuani ndani ya sweta ili lisilowe. Zuhura aliweka sharti moja: kila mlango, mwenye kuanza kusema ni mtoto.

"Tumekuja kupima tena," alisema kila mahali. "Taarifa zenu nilizifuta mimi, nikamdanganya mama kwamba nimezituma."

Mahali pengine walimtazama tu. Kwenye nyumba moja baba mwenye nyumba alikataa kuwafungulia mpaka Zuhura alipomwomba mara tatu. Mzee Kassimu, aliyekuwa akiota moto na mjukuu mapajani, alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo huyu alikuwa na kilo kumi, wewe ukamwacha hana hata moja! Mpime upesi kabla hajapeperuka." Mwanaheri alijaribu kutabasamu, akashindwa. Nyumba ya tatu ilikuwa ngumu, ya kumi ilikuwa ngumu vile vile. Hakuna iliyokuwa rahisi kwa sababu ya zilizotangulia.

Jioni, Zuhura mwenyewe alipanda jiweni akichechemea, akishika bega la binti yake. Walisimama pamoja kwenye ukungu mpaka hesabu iliposoma sifuri, na Mwanaheri akaandika sifuri hiyo daftarini pamoja na tarehe. Alhamisi walimaliza.

Alen alikaa Bumbuli wiki tatu. Uvimbe uliisha, akaanza kula, akarudi nyumbani akiwa mwembamba lakini macho yakiwa wazi. Klara aliitikia salamu ya Mwanaheri kama desturi inavyotaka. Zaidi ya marahaba hakuongeza kitu.

Siku Zuhura alipokwenda zahanati kuichukua simu yake iliyofunguliwa, Mwanaheri alimfuata. Hezekia aliwapa simu, akawasainisha, kisha akamzuia msichana mlangoni.

"Mama Alen anakusemesha?"

"Salamu tu, daktari."

"Usimlaumu." Alifunga kalamu yake. "Nataka uelewe kosa lako ni lipi, maana nadhani unalikosea. Unafikiri ni kufuta simu. Mimi nimefuta simu nyingi hapa, na kazi haijapotea hata mara moja, kwa sababu kwanza natazama kilichomo, nakihamisha, namwuliza mwenyewe. Kosa lako lilianza Alhamisi ulipomwambia mama yako umetuma. Hata hapo lilikuwa dogo. Jumatano jioni, simu ikiwa imeshafutwa, Alen alikuwa bado mtoto wa kupewa unga na kurudi nyumbani. Ungesema jioni ile, tungepoteza kazi ya siku chache, basi. Ulinyamaza siku tatu. Hizo siku tatu ndizo zilizompeleka Bumbuli."

Mwanaheri aliinamisha kichwa.

"Utaharibu vitu vingine maishani, kama sisi sote," Hezekia alisema. "Ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, kwa mtu anayehusika, na useme yote. Ukichelewa, madhara yanamwangukia mtu ambaye hata hajui kwamba kuna kitu kimeharibika."

"Nimesikia, daktari."

"Kusikia nimekuona unasikia. Rudia nilichosema."

Akiwa amesimama mlangoni, mama yake akimsubiri nje kwenye manyunyu, Mwanaheri alirudia yote, na zile siku tatu akazitaja moja moja. Hezekia alingoja. Alipomaliza, aliitikia kwa kichwa na kumruhusu aende.