Maji ya Kumwogeshea Ba

Kila asubuhi Ubah alimpitia rafiki yake Hetal nyumbani kwao, nyuma ya duka la spea za malori mjini Isiolo. Wote wawili walikuwa Gredi ya Saba. Nyanya yake Hetal, ambaye kila mtu alimwita Ba, alikuwa akiwaaga kutoka kitandani, kwa maana alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu.

Ijumaa moja, wakati wa mapumziko, Hetal aliitwa ofisini. Alirudi darasani kuchukua mkoba wake huku machozi yakimtiririka.

"Ba amefariki," alisema. "Baba anatafuta gari la kumpeleka mji jirani wenye mahali pa kuchomea maiti, achomwe leo kabla ya jioni."

"Achomwe?" Ubah alishtuka. "Mnamchoma nyanya yenu kama takataka?"

Wanafunzi kadhaa wakacheka. Hetal alimtazama Ubah, akachukua mkoba wake. Akatoka nje. Kicheko kikakatika. Ubah akabaki ameketi, mashavu yakimwaka moto.

Shule ilifungwa mapema kwa sababu ya swala ya Ijumaa. Nyumbani, Ubah alimkuta shangazi yake Fahmo akijifunga mtandio. Fahmo alikuwa mmoja wa wanawake waliokuwa wakiosha maiti za wanawake Waislamu mjini.

"Nyanya yake Hetal amefariki," Fahmo alisema. "Mama Hetal yuko peke yake. Wifi zake wako safarini, hawatafika kabla ya jioni. Twende."

"Shangazi, mimi siwezi kwenda."

"Kwa nini?"

Ubah alieleza yote, macho yakiwa chini. Fahmo alimalizia kufunga mtandio wake.

"Basi hiyo ndiyo sababu utakwenda," akasema.

Walimkuta Mama Hetal ameketi sakafuni kando ya Ba. Jirani yao Lorna, Mturkana aliyetoka moja kwa moja kwenye maombi ya akina mama kanisani, alikuwa amemshika mkono.

"Pole sana, Mama Hetal," Fahmo alisema. "Sijui desturi zenu za Kihindu, na sitaki kukosea. Niambie tu nifanye nini."

Mama Hetal akalia. "Nisaidie maji, dada. Tunamwogesha kwanza, kisha tunamvika nguo nyeupe."

"Nguo nyeupe," Fahmo alirudia taratibu. "Hata sisi."

Lorna aliwasha jiko la kupashia maji moto. Ubah na Hetal walichota maji kwenye tangi la uani, wakapeleka ndoo hadi mlangoni bila kusemezana. Ndani, Fahmo alishika shuka kumsitiri marehemu huku Mama Hetal akimwosha. Baadaye Mama Hetal alitoa chombo kidogo cha shaba, akatia matone machache midomoni mwa Ba.

"Ni maji ya mto wetu mtakatifu, Ganga," alieleza. "Ba aliyaweka miaka mingi kwa ajili ya siku hii."

"Na mimi nina maji ya kisima cha Zamzam, kutoka Makka, sandukuni," Fahmo alisema. "Nimewaambia watoto wangu wayanyunyize kwenye sanda yangu."

Lorna alipangusa macho. "Mimi nilibatizwa kwa maji ya mto Ewaso Nyiro," akasema.

Muda ulikuwa unakwenda. Ghafla baba yake Hetal akaingia uani, uso umesawijika. Gari alilokodi lilikuwa limeharibika njiani. Ubah hakungoja kutumwa. Alikimbia hadi msikitini, akamkuta baba yake, Guleid, akivaa viatu baada ya swala. Guleid alikuwa na pikapu ya kupelekea bidhaa mji wa Merti.

"Baba, tafadhali! Ba wa kina Hetal amefariki, na hakuna gari la kumpeleka!"

Guleid hakuuliza mengi. "Maiti hacheleweshwi," alisema, akatoa funguo.

Pikapu ilipoondoka, wasichana wawili walibaki langoni.

"Hetal, nisamehe," Ubah alisema. "Nilikuumiza siku ambayo ulinihitaji."

Hetal alimgeukia. "Ungeniuliza tu, ningekwambia. Ba alitufundisha kwamba roho haiungui. Mwili unarudi ulikotoka, roho inaendelea na safari yake." Akapumua kwa kwikwi. "Maneno yako yaliniuma sana. Lakini ulikimbia kwa ajili ya Ba. Nimekusamehe."

Wakirudi nyumbani, Ubah aliuliza, "Shangazi, kwani dini zetu ni sawa?"

"Hapana, mwanangu, sitakudanganya. Sisi tunazika, wao wanachoma, na kila mmoja anaomba kwa njia yake. Lakini leo umeona mwenyewe. Dini zote tatu zimetufundisha kumheshimu aliyekufa na kumfariji aliyebaki. Ukikutana na ibada usiyoielewa, uliza kwa adabu, au nyamaza. Anayemdhihaki mwenzake aliyefiwa hajaitetea dini yake. Ameisahau."