Mthamini Aliyeishia Langoni

Asubuhi katika nyumba ya Xavery Masolwa, huko Mtendeni mjini Tabora, huanza kwa harufu ya asali. Xavery hununua asali kwa warina wa kijiji cha Ntalikwa, huichuja kwa kitambaa safi, kisha huitia katika chupa na kuiuza. Mkewe, Pelagia, ni muuguzi. Mama mzazi wa Xavery, Bi Mektilda, ni mjane mwenye nguvu zake bado. Hufagia ua kabla jua halijapanda, wala haruhusu mtu mwingine kuushika ufagio wake.

Asubuhi moja Pelagia alisimama barazani, tayari kwenda kazini.

"Baba Kabula," alimwita mumewe kwa jina la binti yao wa kwanza, "acha asali hiyo, unawe. Benki wametuita sote wawili."

"Wamesema ni habari njema?"

"Wangekuwa na habari njema wangeisema kwenye simu."

Nyumba ile waliijenga kwa mkopo. Riba ya benki iliyowakopesha ilikuwa kali, na marejesho ya kila mwezi yalimeza karibu mshahara wote wa Pelagia. Walikuwa wamekwisha kuchelewa kulipa, na benki ilikuwa imewaonya kwamba wakiendelea hivyo nyumba itauzwa. Ndipo waliposikia kuwa benki ya pili, yenye riba nafuu, iko tayari kulipa deni lao la zamani na kuwapa muda mrefu zaidi wa kulirejesha. Jambo hilo huitwa kuhamisha mkopo. Sharti lilikuwa moja: mthamini aende akaikague nyumba, aseme thamani yake, kwa kuwa nyumba ndiyo dhamana.

Mthamini alikuwa amekwisha kwenda. Aliahidi kufika Alhamisi, akafika Jumatano, siku ambayo Xavery na mkewe hawakuwapo.

Katika benki ya pili walipokewa na Magreth, afisa mikopo. Aliwaamkia kwa adabu, akawaketisha.

"Ombi lenu limekwama," alisema. "Mthamini ameandika kuwa nyumba yenu ina thamani ya shilingi milioni ishirini na nane. Deni mnalotaka tulihamishe ni milioni arobaini na moja. Benki haiwezi kutoa mkopo unaoizidi dhamana."

Xavery alidhani hakusikia vizuri. "Milioni ngapi?"

"Ishirini na nane, baba."

"Binti yangu, nyumba yangu ina vyumba vinne, sebule, na jiko la ndani. Msingi ni wa mawe. Kuta ni za tofali za kuchoma. Ishirini na nane ni thamani ya choo?"

"Mimi si mthamini, baba. Mimi nasoma kilichoandikwa."

"Kimeandikwa na mtu aliyelala chumba kipi ndani ya nyumba yangu hata akaijua?"

Pelagia alimgusa mkono. Xavery aliinuka bila kuaga, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipopata akili zake za utu uzima.

Nje ya benki palikuwa na kijiwe cha bodaboda. Dereva mmoja, Mussa, mtu wa Mtendeni mwenye ndevu za mvi, alimwona jinsi alivyokunja uso.

"Shemeji, nani amekuudhi?"

"Mthamini. Ameipa nyumba yangu bei ya kibanda."

"Tobia? Yule mwenye miwani? Mbona mimi ndiye niliyemleta kwako," alisema Mussa. "Hata pikipiki sikuizima. Aliniambia, 'Nisubiri hapahapa.' Akapiga picha moja akiwa langoni, akamsemesha mama kidogo, akarudi. Nilidhani amekosea nyumba."

"Hakuingia ndani?"

"Aingie saa ngapi? Ila usihangaike, shemeji. Mtafute, umpe ya soda. Utaona namba inavyopanda."

Xavery alimtazama mpaka Mussa akaanza kuifuta taa ya pikipiki yake, taa ambayo haikuwa na vumbi.

"Mussa, nyumba yangu nimeijenga kwa jasho. Nimpe mtu rushwa ili aseme ukweli? Basi akilipwa na mwingine atasema uongo."

Walipofika nyumbani, Xavery alimwuliza mama yake habari za siku ile ya Jumatano.

"Kijana alikuwa na adabu," alisema Bi Mektilda. "Aliniamkia, nikamwitikia marahaba. Nikamwambia, karibu tembeni, mwanangu, upate maji ya kunywa. Akasema ana haraka. Kwani ametuibia nini?"

"Ametuibia nyumba, mama. Sasa nakwenda ofisini kwake kumfundisha adabu."

"Ukimfundisha adabu utafunguliwa kesi, na nyumba itabaki palepale ilipo," ilisema sauti kutoka upande wa ua.

Alikuwa ni Recheli, jirani yao, muumini wa Kanisa la Moravian aliyefanya kazi ya uthamini katika ofisi ya ardhi mpaka alipostaafu. Alikuja kununua asali, akasikia maneno.

"Shikamoo, dada," Xavery alisema, akiona haya kidogo.

"Marahaba. Sasa niambie. Ripoti ya mthamini umeisoma?"

"Nimeambiwa namba."

"Sikuuliza umeambiwa nini. Umeisoma?"

"Sijaisoma."

"Basi unapigana na kivuli. Nani amelipia kazi ya uthamini?"

"Sisi," alijibu Pelagia.

"Mmelipia chakula, hamjafunua chungu. Rudini benki, ombeni nakala ya ripoti kwa maandishi. Mkiipata, niiteni."

Pelagia ndiye aliyekwenda, kwa kuwa mumewe alikuwa bado anatoka moshi. Magreth alikubali ombi lao, akampa nakala. Jioni waliketi wote sebuleni, Recheli akaivaa miwani yake, akasoma polepole.

"Aina ya jengo," alisema, akaisogeza karatasi karibu. Alisoma tena. "Aina ya jengo: tembe ya udongo, paa la bati kuukuu. Na hii hapa picha."

Xavery aliichukua. Picha ilionyesha kibanda cha udongo kilicho karibu na lango. Ndimo walimokaa wakati nyumba inajengwa, na siku hizi huweka humo madumu matupu ya asali. Nyuma ya kibanda ilionekana pembe ndogo tu ya nyumba yenyewe.

Tembe ni nyumba ya udongo yenye paa bapa, ya zama za misafara. Lakini kwa Bi Mektilda neno hilo halikuwa na maana ya udongo. Babu wa mumewe alikuwa mpagazi, aliyebeba mizigo mpaka pwani na kurudi. Kwao, mtu aliyefika mbali na kurejea salama alijenga tembe, akapokea wageni. Ndiyo maana bibi huyu aliita tembe kila nyumba ya heshima, hata iwe na vigae sakafuni.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema Bi Mektilda. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni mdomo wangu ulioiuza nyumba ya mwanangu."

"La, mama," Xavery alisema. Hasira ilimpanda upya, lakini safari hii ilikuwa na njia ya kupita. "Umemkaribisha mgeni kwa neno la heshima. Yeye amelichukua neno la heshima akalifanya tusi, kisha akalipigia muhuri. Mtu aliyesoma, aliyesajiliwa, aliyelipwa!"

"Neno la mama halina kosa," alisema Recheli. "Mwenye kosa ni mtu aliyelifanya neno la mama kuwa futi kamba. Mthamini hapimi kwa kusikia. Huingia kila chumba. Hupima urefu na upana. Hutazama kuta, paa, dari, maji na umeme. Huuliza kibali cha ujenzi na ramani. Kisha hutafuta nyumba za jirani zilizouzwa karibuni, alinganishe bei. Huyu hakufanya hata moja."

"Basi nitaandika," alisema Xavery, "nao watanisoma."

Alichukua kalamu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya zamani. Alipomaliza, Pelagia alimpokonya karatasi akaisoma kwa sauti.

"'Mthamini wenu ni mvivu, mzembe, na asiye na malezi.' Baba Kabula, hii ni barua au ni ugomvi wa kisimani?"

"Kuna uongo gani hapo?"

"Hakuna uongo," alisema Recheli, akicheka, "lakini hakuna ushahidi. Usiwaambie yeye ni mtu wa namna gani. Waambie nyumba ni ya namna gani. Andika: ripoti inasema ni udongo, ukuta ni tofali za kuchoma, na kibali cha ujenzi hiki hapa. Ripoti ina picha ya stoo. Nyumba yenyewe ni hii hapa, kwa picha za mbele, nyuma na ndani. Mkaguzi hakuingia; mama na dereva wameshuhudia. Kisha uombe ukaguzi urudiwe. Benki wakikataa bila sababu, ipo bodi inayosajili wathamini, nayo hupokea malalamiko. Lakini anza na benki."

"Na namba? Niwaambie waandike milioni mia moja na hamsini?"

"Namba si kazi yako. Ukianza kutaja namba unayoitaka, watadhani unabembeleza. Wape ukweli wa nyumba, namba itoke humo. Sana sana wape habari za nyumba za jirani zilizouzwa. Ile ya Plasidi, fundi cherehani, iliuzwa mwaka jana, nayo ni ndogo kuliko hii. Mwombe nakala ya mkataba."

Plasidi alitoa nakala bila maneno mengi. Barua ilipelekwa, pamoja na kibali, ramani, picha na stakabadhi za vifaa. Pelagia alihakikisha benki imegonga muhuri wa kupokea juu ya nakala yao. Haukupita muda mrefu, Magreth akapiga simu: ukaguzi utarudiwa na mthamini mwandamizi.

Siku moja kabla ya ukaguzi, Recheli alimkuta Xavery akilisukuma kabati kubwa kwenye chumba cha nyuma.

"Unahama?"

"Napanga vizuri."

Recheli alichungulia nyuma ya kabati. Ukutani palikuwa na ufa, kuanzia dirishani kushuka chini.

"Aa," alisema. "Kumbe nawe una lango lako, mahali unapotaka mtu aishie."

Xavery alisimama na mikono yake juu ya kabati. Uso ulimwaka. Alitaka kusema kwamba ufa ule ni mdogo, kwamba yeye ndiye aliyeonewa, kwamba mwenye kuonewa anaruhusiwa kidogo.

"Umedai ukweli uandikwe," alisema Recheli. "Ukweli hauchagui upande wa ukuta."

Xavery alilirudisha kabati mahali pake. Jioni ileile alimwita fundi, ambaye alimweleza sababu ya ufa na kumwandikia makadirio ya gharama ya kuuziba.

Mthamini mwandamizi, Bwana Prosperi, alifika kwa saa aliyoahidi. Nyuma yake alikuwapo Tobia, ameshika futi kamba, macho chini. Aliamkia kila mtu.

"Marahaba," alisema Bi Mektilda. "Leo umekuja na miguu yako yote miwili?"

"Ndiyo, bibi."

"Vyema. Vyumba ni vinne. Usiniamini, kahesabu mwenyewe."

Bwana Prosperi aliingia kila chumba. Alipima kuta, Tobia akashika ncha ya pili ya futi. Alipanda darini akatoka na utando wa buibui kichwani. Aligonga ukuta, akachungulia palipobanduka lipu, akaliona tofali jekundu. Alitembelea kibanda cha langoni pia, akakiandika kuwa stoo. Xavery mwenyewe ndiye aliyemwongoza hadi kwenye ufa.

"Huu nao uandike," alisema, "na haya ndiyo makadirio ya fundi."

Bwana Prosperi alimtazama. "Wengi hutuficha."

"Nami nilikaribia."

Walipokuwa wakiondoka, Tobia alibaki nyuma. "Mzee, nisamehe. Siku ile nilikuwa na nyumba nyingi za kukagua."

"Kila nyumba ina watu ndani," Xavery alimjibu. "Kama nyumba ni nyingi, chukua chache. Mimi ningefukuzwa hapa kwa sababu ya haraka yako. Mama yangu angerudi kijijini Tura, uzeeni, akaanze kuomba hifadhi kwa ndugu. Msamaha nimekupa. Lakini usiusahau ukubwa wa ulichokosea."

Tobia aliitikia kwa kichwa, akaenda.

Ripoti mpya ilisema milioni tisini na moja, baada ya kupunguza gharama ya ufa. Xavery aliisoma yote, neno kwa neno, kabla ya kuitazama namba. Benki ya pili iliuhamisha mkopo. Marejesho ya kila mwezi yalipungua sana, na mwezi wa kwanza tu Pelagia alibakiwa na mshahara wa kutosha kumlipa fundi akazibe ufa. Tangu hapo, jirani yeyote wa Mtendeni anayengoja mthamini huitwa kwanza na Xavery, akaambiwa: uwepo nyumbani siku hiyo, karatasi zako ziwe mezani, milango yote iwe wazi, na ripoti uisome mwenyewe.

Lakini kabla ya hayo yote, siku ya kutia saini, Magreth aliwawekea mkataba mbele yao, akatabasamu.

"Tunawashukuru sana kwa uvumilivu wenu."

Xavery aliiweka kalamu chini.

"Hatukuvumilia, binti yangu. Tungevumilia, saa hizi nyumba ingekuwa ya mtu mwingine. Sisi tuliuliza."

Kisha akaichukua kalamu, akaufungua mkataba ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma. Pelagia alivuta kiti karibu, wasome pamoja.