Wawili Kwenye Kompyuta Moja

Haya yalimkuta rafiki yangu Modesta, fundi kompyuta wa kiwanda cha samaki Nyakato. Alikuwa amesema mpaka mdomo ukamkauka: ukurasa wa kuendeshea kanzidata, hifadhi ya kumbukumbu zote za kiwanda, uko wazi mtandaoni, na nywila ni ileile ya siku ya kwanza.

“Kwani nani ana shida na sangara wetu?” bosi wake, Mzee Rasik, alimjibu kila mara.

Siku moja Modesta akachomoa waya wa intaneti kwa hasira, akajifungia chumbani na kompyuta yenye kanzidata hiyo abadilishe nywila mwenyewe. Umeme ukakatika. Betri ya akiba ikaifanya kompyuta iendelee kuwaka, lakini kioo, ambacho hakikuunganishwa nayo, kikazimika. Gizani akasikia vitufe vya kibodi vikibofywa, taratibu. Mikono yake ilikuwa mapajani.

Umeme uliporudi, ukurasa ulionyesha watu wawili wameingia, wote wakitumia kompyuta hiyohiyo iliyokuwa mbele yake.