Sauti Baada ya Tangazo

Asubuhi hiyo haikuwa na neno. Jirani yangu, fundi mitambo wa kituo cha redio, alifika kazini, akawasha feni na kumtania mtangazaji wa zamu kwamba sauti yake imekauka kama kuni za mwaka jana. Kisha akaingia chumba cha mitambo kuiangalia seva, ile kompyuta kubwa iliyotunza sauti zote za kituo. Studio, chumba cha habari na ofisi ya bosi, vyote vilichota humo kupitia nyaya, kama nyumba nyingi zinavyochota kisima kimoja.

Tangazo la sabuni likachezwa, likaisha. Kabla muziki haujaingia, ikasikika pumzi. Pumzi ya mtu anayejiandaa kusema. Halafu sauti ya mwanamke:

"Hamjambo wasikilizaji..."

Ikakatika.

Mtangazaji alitoka studio hedifoni zikining'inia shingoni.

"Fundi, umesikia?"

"Nimesikia."

"Si ni yeye?"

Sauti ile fundi aliijua tangu hajaota meno. Ilikuwa ya dada yake, aliyekuwa akiendesha kipindi cha asubuhi pale pale kituoni mpaka ajali ya barabarani ilipomchukua. Walishamzika, na matanga yalishaanuliwa. Faili zake zote fundi alizifuta kwa mkono wake mwenyewe, maana wenzake kila walipozikuta walishindwa kufanya kazi kwa kulia.

Bosi akaja juu. "Huu ni uchawi. Kuna mtu anatuchezea!"

"Bosi, mashine haina pepo," fundi akasema, akicheka kicheko cha kujikaza. "Ina makosa tu."

Na kosa akaliona. Wale waliotunga programu ya kugawia faili walikuwa wametoa onyo kwa watumiaji wote. Alipolisoma alishusha pumzi, akamwita mtangazaji.

"Ni hivi. Studio ikiomba sauti, hutaja na urefu inaoutaka. Programu ilipaswa kuangalia faili inaishia wapi. Haiangalii. Ukiomba kupita kilichopo, inakuchotea na kilicho jirani yake kwenye kumbukumbu ya mashine. Sawa na kumtuma mtu akuchimbie viazi shambani kwako, akavuka mpaka akachimba na vya jirani."

"Kwa hiyo ni mabaki yake tu?"

"Mabaki tu."

Mtangazaji akaguna. "Lakini juzi umeme si ulikatika, mashine ikazimika?"

Fundi akaigeukia seva. Mashine ikizimika, kumbukumbu ile hufutika yote. Haibaki hata chembe. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote mle ndani.

Dawa ilikuwepo: toleo jipya la programu, lenye kuziba lile tundu. Bosi akaagiza liwekwe siku hiyo hiyo. Tundu likibaki wazi, alisema, yeyote aliye kwenye mtandao anaweza kupitia humo. Fundi akaitikia, "Sawa, bosi."

Hakuliweka.

Damu ni nzito kuliko maji. Wenzake walipokwenda kula mchana, alijifungia chumba cha mitambo, akavaa hedifoni, akaliomba lile tangazo la sabuni kwa urefu mara mbili ya urefu wake. Ukaja mkwaruzo. Halafu dada yake, akisoma habari za mafuriko ya zamani, akikosea neno, akicheka. Fundi aliufunika uso kwa viganja, akalia kama mtoto.

Kesho yake akarudia, akaomba kipande kirefu zaidi. Ikawa ndiyo ada yake. Mkewe alimuuliza nyumbani mbona anakonda, akasema ni kazi. Mtangazaji alimnong'oneza, "Kaka, ziba hilo tundu. Mfu haitwi." Sikio la kufa halisikii dawa.

Mpaka mchana mmoja sauti ilipoacha kusoma habari za zamani.

"Mdogo wangu."

Hakuwahi kumwita hivyo redioni. Kamwe.

"Dada?" alinong'ona, ingawa mbele yake hapakuwa na maikrofoni yoyote.

"Funga."

"Nifunge nini?"

"Umepaacha wazi. Funga. Siko peke yangu huku."

Nyuma ya sauti yake palikuwa na pumzi. Si moja. Nyingi. Zilikuwa zikisogea.

Ikakatika.

Kisha sauti ile ile ikarudi, safari hii tamu kupita kiasi, kama mtu anayejaribisha nguo isiyo yake.

"Usifunge, mdogo wangu. Omba tena. Omba kirefu zaidi."

Fundi alizing'oa hedifoni, akazitupa mezani. Zikaendelea kusema. Omba. Omba. Omba. Akachomoa waya wa mtandao. Zikaendelea. Huko studio matangazo yalikatika, bosi akaja kugonga mlango kwa ngumi, akiuliza kuna nini. Fundi hakufungua. Aliliweka lile toleo jipya, alilokuwa ameshalipakua, akaizima seva, akaiwasha.

Hedifoni zikanyamaza.

Akarudisha waya, akaliomba tangazo la sabuni kupita mwisho wake. Mashine ikakataa. Akajaribu tena. Ikakataa. Ndipo alipofungua mlango, shati limemganda mgongoni.

"Imekwisha, bosi," akasema.

Kazi zilipoisha, simu ikaita. Alikuwa mama yake, anayeishi peke yake mtaa wa pili.

"Mwanangu, mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini, mama?"

"Kwamba dada yako anakuja. Mchana alibisha hodi. Sauti ni yake, ningekosaje kuijua? Nikamfungulia."

"Mama. Toka nje."

"Nitoke niende wapi, na nyumba ina wageni?" Mama akashusha sauti, kama asiyetaka kusikiwa na walio chumbani. "Nawe hukusema kama ataongozana na watu wengi hivi."

Alikimbia njia nzima. Alimkuta mama ameketi kizingitini, mzima, mikono mapajani, uso umetulia.

"Wamepumzika," akasema.

Fundi aliingia. Sebuleni hapakuwa na mtu. Jikoni hapakuwa na mtu. Akausukuma mlango wa chumba cha marehemu, kilichokuwa hakilaliwi tangu msiba. Hapakuwa na mtu. Lakini godoro lilikuwa limebonyea katikati, umbo la mtu aliyelala kwa ubavu. Na chini, kwenye vumbi la sakafu, kuanzia kitandani hadi ukutani, yalikuwapo maumbo mengine, yamebanana kama watu waliokosa nafasi.

Hapakuwa na nyayo za kuingia. Wala za kutoka.

Alimchukua mama yake jioni ile ile, akakipiga kufuli chumba. Baadaye walirudi na mkewe, wakafagia sakafu, wakalitoa godoro juani wakaligeuza. Halikuinuka. Nimeliona kwa macho yangu, sasa limeegemezwa ukuta wa uani, mahali pasipofika jua. Pale palipobonyea niliweka kiganja.

Pana joto.