Maji ya Mazoezi ya Kwaya

Kila Jumamosi kanisa lile dogo lilikuwa na kelele kuliko soko. Akina mama wa zamu walipiga deki kuanzia altareni hadi mlangoni, huku wakibishana ni nani aliyeficha fagio jipya. Akina baba wawili watatu waligongomelea misumari kwenye mabenchi yaliyolegea. Sista, yule mtawa muuguzi wa zahanati ya parokia, alipita akikagua kila kitu, hata visivyomhusu. Na katika chumba cha nyuma ya sakristia, kwaya ya watoto ilijiandaa kwa nyimbo za Misa ya kesho yake.

Katika kwaya hiyo alikuwamo msichana mmoja wa darasa la sita. Jina lake la ubatizo lilikuwa limekwisha kusahaulika. Watu wote walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea akila, aliongea akifua, na mdogo wake, mvulana mnene wa kwaya hiyohiyo aliyeitwa Kibonge, aliapa kwamba dada yake huongea hata usingizini. Lakini Chiriku alipoimba, watu walimsamehe yote.

Watoto wa kwaya walikuwa na zamu ya maji. Mwenye zamu aliwahi kufika, akakinga maji kwenye tangi la nyuma ya kanisa, akayachemsha katika jiko la parokia, akayaacha yapoe, kisha akayamimina kwenye ndoo ya bluu yenye koki. Mazoezi yalikuwa marefu na makoo yalikauka. Bila ndoo ile, hakuna aliyefika wimbo wa mwisho.

Jumamosi hiyo zamu ilikuwa ya Chiriku. Alitoka nyumbani mapema, hilo ni kweli. Tatizo ni kwamba uwanjani aliwakuta wenzake wakiruka kamba.

"Njoo, ruka mara moja tu!" walimwita.

Mara moja ikazaa ya pili, ya pili ikazaa nyingine. Aliposhtuka, mwalimu wa kwaya alikuwa amesimama mlangoni akipiga makofi.

"Haya, ndani! Chiriku, maji yako wapi?"

"Yapo tayari, mwalimu! Nayaleta!"

Akakimbia nyuma ya kanisa. Jiko lilikuwa baridi. Akaitazama sufuria, akaitazama ndoo, kisha akafungua koki ya tangi. Maji yakatoka yanang'aa kama kioo.

"Yana nini haya?" akajiambia. "Masafi kabisa."

Akajaza ndoo, akafunika, akaibeba hadi chumba cha mazoezi. Wenzake walikunywa. Kibonge alikunywa, akarudia, akalamba midomo. Chiriku mwenyewe hakugusa kikombe. Kila alipoitazama ile ndoo, kiu ilimtoka.

Jumapili Misa ilikwenda vizuri. Watoto waliimba mpaka bibi mmoja wa benchi la mbele akasimama kucheza. Baada ya baraka walimiminika nje, wakakimbilia getini kwa Mama Matunda. Huyu alikuwa mjane mmoja mpole, aliyeuza vipande vya nanasi na tikiti kwenye meza ndogo aliyoifunika kwa wavu mweupe. Siku za Jumapili ndipo alipopata riziki ya wiki nzima. Watoto wakala, juisi ikawachuruzika mpaka kwenye viwiko.

Jumatatu asubuhi Kibonge hakuweza kuinuka kitandani. Alikuwa anatapika, na tumbo lilimwendesha mpaka akaishiwa nguvu za kusimama. Mama yao, fundi cherehani, aliacha nguo za wateja mezani, akambeba mgongoni hadi zahanati. Huko akawakuta wazazi wengine wamejaa kwenye foleni, kila mmoja na mtoto wake. Karibu nusu ya kwaya ilikuwa pale.

"Wamekula nini pamoja hawa?" mzazi mmoja aliuliza.

"Si yale matunda ya getini!" mwingine akadakia.

Maneno yana miguu. Kufika jioni, kila nyumba ilikuwa imekwisha kuamua kwamba Mama Matunda amewalisha watoto uchafu. Mmoja alidai kuwa aliona nzi mezani pake. Mwingine akamwongezea yule nzi ukubwa. Wazazi wakamwendea paroko, mzee mtulivu aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kutembelea vigango, yale makanisa madogo ya vijijini. Walimsonga kwa maneno mpaka akakubali kumwambia yule mama asiuze tena getini.

Chiriku alizisikia habari hizo wakati wa chakula cha jioni. Akalirudisha tonge sahanini. Alijua kitu ambacho wengine hawakukijua, na kitu hicho kilimkalia kifuani kama jiwe. "Labda kweli ni matunda," alijidanganya. "Labda maji hayana kosa."

"Mbona kimya?" mama yake akamuuliza. "Na wewe unaumwa?"

"Hapana, mama. Nimeshiba."

Mama akamshika paji la uso, akashangaa. Hakuwahi kumwona mwanawe akikaa muda wote ule bila kusema neno.

Jumanne baada ya shule Chiriku alikwenda zahanati. Vitanda havikutosha; baadhi ya watoto walilazwa kwenye mikeka, mama zao wakiwapepea. Kibonge, ambaye hata viatu vyake vya zamani vilikuwa vinambana kwa unene, sasa alikuwa na macho yaliyodidimia na midomo iliyopasuka. Sista alikuwa akizunguka huku na huku, mikono ya joho ameikunja.

"Wanywesheni dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini kidogo kidogo," aliwaagiza akina mama. "Ila subirini, maji yaliyochemshwa yamekwisha. Nimebandika mengine."

Mara mwalimu wa kwaya akaingia amebeba ndoo ya bluu.

"Sista, haya yalibaki kwenye mazoezi ya Jumamosi. Yamechemshwa tayari. Tuyatumie kabla mengine hayajapoa."

"Mungu akubariki, mwalimu," mama yake Chiriku alisema. Akakinga kikombe, akachanganya dawa, akamwinua Kibonge kichwa. "Kunywa, baba. Maji haya amechemsha dada yako mwenyewe kwa mikono yake."

Kikombe kikaugusa mdomo wa Kibonge.

"Usinywe!"

Chiriku aliruka, akakipiga kikombe kwa kiganja. Dawa ikamwagikia nguo ya mama yake na kikombe kikabingirika hadi chini ya kitanda. Chumba kizima kikageuka.

"Una wazimu?" mama alifoka. "Unamwaga dawa ya mgonjwa?"

"Hayakuchemshwa, mama!" Chiriku alisema. "Nilichelewa kwa kuruka kamba. Niliyakinga tu tangini. Nilidanganya."

Mwalimu wa kwaya aliiweka ndoo chini polepole, kama mtu aliyegundua kwamba amebeba nyoka.

Sista hakumkaripia. Alikuja akachuchumaa mbele yake, akamshika mabega.

"Nani walikunywa maji hayo?"

"Kwaya nzima, Sista. Mimi tu sikunywa."

"Na mimi nilikunywa," mwalimu akasema kwa unyonge, akijishika tumbo. "Kumbe! Tangu jana linanguruma, nami nikawa namlaumu mke wangu na maharage yake."

Akina mama wawili walicheka bila kutaka. Sista hakucheka. Alitoka, akaagiza ngazi iletwe, na mwalimu akapanda juu ya tangi. Upepo wa mvua za wiki iliyopita ulikuwa umekipasua kifuniko. Ndani yalielea majani yaliyooza, kinyesi cha njiwa na panya aliyekufa siku nyingi. Mwalimu alishuka haraka kuliko alivyopanda, akaenda kusimama kando peke yake.

Koki ile ilifungwa mara moja. Sista alituma sampuli ya maji kwenye hospitali kubwa, na huku nyuma akahakikisha hakuna anayekunywa chochote ambacho hakikutoka kwenye sufuria yake. Jioni ile Kibonge akakojoa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, dalili kwamba maji yameanza kurudi mwilini. Mama alifurahi kama mtu aliyepata zawadi.

Kisha akamgeukia binti yake. Hasira zilikuwa zimemtoka, ila uso ulikuwa mzito.

"Yuko mtu mwingine unayepaswa kumwona," alisema. "Vaa viatu twende."

Walimkuta Mama Matunda uani kwake, ameketi kando ya kapu. Mananasi yalikuwa yameanza kulainika na kutoa harufu kali. Chiriku akamwamkia, yule mama akaitikia bila kuinua macho.

"Mama, si matunda yako yaliyowaumiza," Chiriku alisema. Akaeleza yote, tangu kamba hadi kikombe, bila kujipunguzia hata kidogo. Alipomaliza alikuwa analia.

Mama Matunda alitoa nanasi moja lililolainika kapuni, akaliweka kando.

"Leo asubuhi nilimpa mtoto wa jirani ndizi," alisema. "Mama yake akamnyang'anya, akaitupa jalalani. Mbele ya macho yangu. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, mama."

"Basi machozi yako nimeyaona, lakini hayataniuzia nanasi. Kesho jumuiya inasali. Njoo uwaambie wao, nami nikiwapo."

Jumatano, jumuiya yao, zile familia za jirani zinazosali pamoja, ilikusanyika kwa sala sebuleni kwa mzee mmoja fundi seremala. Watu walikaa kwenye viti, kwenye magogo na sakafuni. Mama Matunda alipoingia, mwanamke mmoja aliweka mkoba wake kwenye nafasi ya pembeni ili yule mama asikae jirani naye. Baada ya sala za mwisho Chiriku akasimama. Aliyezoea kumaliza maneno ya wenzake sasa alitafuta yake mwenyewe moja moja, lakini aliyasema yote. Alipokaa, mwanamke yule mwenye mkoba alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

"Mimi ndiye niliyesema habari za nzi," mwanamke huyo akasema kwa sauti ndogo. "Nzi mwenyewe sikumwona vizuri. Dada, nisamehe."

Mama Matunda alishusha pumzi. Akasogeza kiti chake kidogo ili mwanamke huyo apate nafasi kando yake.

Jumamosi kwaya haikuimba. Wale waliokwisha kupata nafuu walishika ndoo na brashi, wakasugua tangi ndani na nje, na Chiriku ndiye aliyeingia ndani kabisa kwa kuwa alikuwa mwembamba. Alitoka amelowa, nywele zimejaa ukoga. Seremala akatengeneza kifuniko kipya cha mbao na kukifunga kwa bawaba, na Sista akatia dawa ya kusafisha maji.

Jumapili, kabla ya baraka ya mwisho, paroko hakumtaja Chiriku hata kidogo. Alimwita Mama Matunda asimame.

"Mama huyu tulimhukumu bila kumsikiliza," alisema. "Mimi mwenyewe nilimwondoa getini kwa sababu ya maneno ya watu. Nakuomba radhi, mama, mbele ya Mungu na mbele ya wote hawa."

Nje, watu walisitasita kidogo. Kisha mwalimu wa kwaya akaenda moja kwa moja kwenye meza ya matunda, akachukua kipande kikubwa cha tikiti, akakitafuna kila mtu akimwona. Wengine wakafuata, na muda si muda meza ikazingirwa.

Chiriku alibaki ukutani kivulini. Sista akaja akasimama naye.

"Sista," Chiriku akamuuliza, "kosa langu kubwa lilikuwa lipi? La maji au la kunyamaza?"

Sista akamjibu.

"La maji lilikuwa uvivu. Uliona kazi ndogo, ukadhani hakuna atakayejua kama hukuifanya. Tumbo la mdogo wako likajua. Kazi inayolinda afya ya watu, hata iwe ya kuchemsha maji, haina njia ya mkato. Lakini kunyamaza kulikuwa kubaya zaidi, kwa sababu mzigo wako ulibebwa na mtu asiye na hatia, na wagonjwa nusura wanyweshwe maji yaleyale tena. Ungesema Jumatatu, ungepata aibu ya siku moja. Uliposubiri, aibu ikagawiwa watu wengi. Hata hivyo ulisema kabla Kibonge hajanywa, na kwa hilo namshukuru Mungu."

"Nimeelewa, Sista."

"Usiniambie umeelewa," Sista akasema, akimsukuma taratibu kuelekea getini. "Nenda kamsaidie yule mama kuhudumia watu, amezidiwa. Na kabla hujagusa nanasi lolote, nawa mikono kwa sabuni."