Mteja wa Kwanza wa Ijumaa

Pikipiki haikuwapo. Kilichobaki ni kipande cha boksi sakafuni, na katikati yake doa jeusi la oili lenye upana wa kisahani, mahali ambapo chuma kile cha kijani kilidondosha tone moja moja kwa miezi mitatu.

Inspekta Muhdhar alichutama, akaligusa doa, akanusa kidole.

"Kufuli?" aliuliza bila kuinuka.

"Zima, afande," alijibu Konstebo Kombe. "Halina hata mkwaruzo."

"Mlango?"

"Mzima."

Muhdhar alisimama akalitazama duka. Lilikuwa refu na jembamba, kama maduka mengi ya Mji wa Kale. Baiskeli zilitundikwa darini kwa kulabu, minyororo ukutani. Kando ya meza palikuwa na viti viwili vya mito, na kati yake birika la kahawa la shaba. Mwenye duka, Akbarali, Mhindi wa Kibohora wa miaka hamsini na ushei aliyezaliwa ghorofa ya juu ya duka hilo hilo, alisimama nyuma ya meza akikikunjakunja kitambaa cha kufutia vumbi.

Alieleza kwa utaratibu. Mwaka uliopita, wa arubaini na saba, alinunua pikipiki tano kwenye mnada wa mali za jeshi zilizobaki vitani. Nne zilikwisha kupata wenyewe. Ya tano aliiacha dukani jana Alhamisi jioni, akafunga, akapanda juu kulala. Leo aliposhuka saa mbili kufungua, haikuwapo.

"Ufunguo?"

"Mmoja. Uko kiunoni mwangu."

"Unamshuku nani?"

Akbarali alivuta pumzi. "Mimi simtaji mtu, Bwana Muhdhar. Andika mwizi. Mwizi tu."

Muhdhar aliandika, lakini kalamu ilisita. Katika miaka kumi na miwili ya upelelezi hajapata kumwona mtu aliyeibiwa akakosa jina la kutaja. Kila mmoja huwa na jirani, au mkwe, au mpangaji aliyemchukia. Huyu alitaka mwizi mtupu.

Jina lilitoka ng'ambo ya kichochoro. Bimdogo, mwanamke wa makamo aliyepika vitumbua kwenye baraza ya nyumba yake, alikuwa akimsimulia Kombe kwa raha zote. Alipotoka kuwasha jiko baada ya swala ya alfajiri alimkuta Faraj, yule askari aliyerudi Burma, akiondoka mlangoni kwa Akbarali. "Kwa mato yangu haya mawili," alisema, akageuza kitumbua.

Hakujua uzito wa alichokisema. Saa nne haijafika, Faraj alikuwa mahabusu, na shilingi mia sita zilizofungwa kwenye leso zimewekwa mezani kama kielelezo.

Mkuu wa kituo, Mzungu aliyependa mafaili membamba, aliimaliza kesi kwa maneno machache. Askari huyo anajua kuendesha. Alionekana mlangoni. Na Jumanne alimwambia Akbarali mbele ya watu kwamba pikipiki ile ataiondoa pale, atake asitake. Jumatatu apelekwe mahakamani.

Muhdhar alipiga saluti, kisha akateremka mahabusu. Kulikuwa na kitu kilichomwasha.

Faraj alisimama wima alipomwona afisa. Alikuwa kijana mrefu, na kovu la moto mguuni, la bomba la pikipiki.

"Kaa."

"Nimezoea kusimama, afande. Kwa Akbarali nimesimama wiki tatu."

"Kwa nini wiki tatu?"

"Alitaka elfu moja. Mimi nina mia sita, malipo yangu yote ya vita. Kila siku nilikwenda, akashuka kidogo, nikapanda kidogo. Wenye makoti walipewa kiti na kahawa. Mimi kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja juani."

"Ukakasirika."

"Jumanne nilikasirika. Nikasema lile neno. Akacheka. Akaniambia, 'Faraj, mwanangu, ukiacha kuja nitamgombeza nani?' Nami nikacheka. Ndiyo biashara yenyewe, afande. Jana alasiri tukafika mia sita. Tukapeana mkono. Bimdogo aliona."

Katika vichochoro vile mkono ukishapeanwa mali imeshauzwa, hata kama fedha ziko nyumbani. Mfanyabiashara aliyerudi nyuma baada ya mkono hakuburuzwa mahakamani. Watu walimpitia tu kama ukuta, duka lake likafa kwa ukimya.

"Mlangoni alfajiri ulifuata nini?"

"Kulipa. Jumatatu bandarini wanaandika mpeleka barua mwenye pikipiki yake. Asiye nayo asije. Sikupata usingizi. Nikaswali, nikaenda. Taa ilikuwa inawaka dukani. Akbarali akafungua nusu ya mlango. Nikamwonyesha leso. Akaniambia, 'Rudi baada ya swala ya Ijumaa.'"

"Yeye anasema alikuwa juu amelala."

"Basi mmoja wetu mwongo, afande. Na mimi ndiye niliye ndani."

Mabadiliko madogo yalipita usoni mwa Muhdhar. "Alikurudisha," alisema polepole. "Alfajiri. Na fedha mkononi."

"Ndivyo."

Inspekta aliondoka bila kuuliza zaidi, akenda moja kwa moja kwa Bimdogo. Alimwamkia, akanunua vitumbua vinne, akavila taratibu. Alithibitisha habari ya mkono. Bimdogo aliuona, tena aliwapigia kigelegele kuwafanyia mzaha. Kisha Muhdhar akamwuliza habari ya Akbarali na wateja wake wa asubuhi.

Bimdogo alicheka mpaka mwiko ukatikisika. Nani asiyejua? Akbarali haamini siku ambayo mteja wa kwanza ametoka mikono mitupu. Kwa baba yake ilikuwa hivyo, na kwa babu yake. Mteja wa kufungulia duka atauziwa kwa bei yoyote atakayotaja, hata kwa hasara, mradi atoke na kitu. Mpwa wake Bimdogo hudamka makusudi kwenda kununua mpira wa baiskeli kwa nusu bei. Mwaka juzi baharia mlevi alipotea njia akaingia pale saa kumi na mbili asubuhi kuulizia pombe. Akbarali alimng'ang'ania mpaka akamuuzia kengele kwa senti kumi.

"Hajapata kumrudisha?"

"Mwanangu, yuwafunga mlango kwa mwili wake. Wa kwanza hatoki."

Muhdhar alijifuta vidole. Sasa aliliona wazi lile lililokuwa likimwasha. Faraj angekuwa mwongo, angetunga uongo unaoingia akilini. Hakuna mtu wa Mji wa Kale angebuni kwamba Akbarali alimrudisha mteja wa kwanza mwenye shilingi mia sita. Basi Faraj alisema kweli. Na kama alisema kweli, Akbarali aliweza kumrudisha kwa sababu moja tu.

Faraj hakuwa wa kwanza.

Kabla ya alfajiri ile, mteja mwingine alikwisha kufungulia duka.

Muhdhar alianza kuutembea mkono wa kushoto wa kichochoro, macho chini. Hakuna jirani aliyesikia injini ikinguruma. Kwa hiyo pikipiki ilisukumwa au ilibebwa. Penye kona ya pili, ambapo nyumba mbili karibu zinagusana, chokaa ya ukuta ilikuwa imechubuka usawa wa goti, na unga wake ulikuwa bado mweupe chini. Ekseli ya mkokoteni. Hatua chache mbele, tone la oili. Kisha jingine.

Wenye mikokoteni walipumzika kwenye kivuli karibu na soko. Muhdhar hakuuliza swali. Alipita akitazama magurudumu, akasimama mbele ya mkokoteni ambao ncha ya ekseli yake ilikuwa na chokaa.

"Wako nani?"

"Wangu, bwana." Alikuwa Dzoro, mzee wa Kigiriama mwenye shingo ya mbeba mizigo.

"Alfajiri ulibeba nini?"

"Magunia."

"Magunia yanadondosha oili?"

Dzoro aliutazama mkokoteni wake kana kwamba ndio uliomsaliti. Akasema. Akbarali alimwamsha saa kumi. Mpishi wa bwana mmoja wa Kizingo, mtaa wa Wazungu wakubwa, alikuwa dukani, ameleta bahasha. Walipakia chuma, wakakifunika magunia, Dzoro akakivuta mpaka Kizingo, nyumba yenye uzio wa maua mekundu. Hakuona kosa, mwenye mali mwenyewe ndiye aliyepakia.

"Mbona basi umeficha?"

"Kwa ajili ya malipo, bwana. Nilimtajia shilingi tatu, nikitaraji tubishane anipe moja. Akanipa tatu." Dzoro alitikisa kichwa. "Miaka ishirini namvutia mizigo, na hata senti tano tunagombania mpaka tunachekana. Leo kanilipa nilivyotaja, hakunitazama usoni. Nikajua hapa pana jambo."

Muhdhar alirudi dukani wakati watu wanatoka misikitini. Viti vyote viwili vya mito vilikuwa tupu. Hakukaa. Alisimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja juani.

"Karibu kiti, Bwana Muhdhar."

"Hapa panatosha. Leo nani alifungulia duka?"

Kitambaa kilitulia mikononi mwa Akbarali. "Leo sikuuza. Nimeibiwa."

"Alfajiri ulimrudisha mtu mwenye shilingi mia sita."

"Nilikuwa juu."

"Akbarali, ulimuuzia baharia mlevi kengele."

Mwenye duka alikiweka kitambaa mezani.

"Kama Faraj angekuwa wa kwanza, usingemwachia. Mkono wako ungekataa. Dzoro ameniambia ya bahasha. Nataka kusikia ya kwako."

Juu, nyuma ya dirisha la kimia cha mbao, mtoto aliitwa kuja kula. Akbarali aliizunguka meza yake taratibu, akakaa kwenye kiti cha wateja, kama mgeni.

"Alilipa mia nne," alisema.

"Nani?"

"Bwana wa Kizingo. Yeye ndiye anayeandika orodha ya wanaoruhusiwa kuingia mnadani. Jina likikosa pale, sina duka. Alhamisi usiku aliniita kwake. Aliiona pikipiki, anaitaka kwa mwanawe anayekuja likizo. Nikamwambia imeshauzwa. Akasema, mia nne. Nikamweleza habari ya mkono. Akasema, mia nne, mpishi atakuja alfajiri." Akbarali alitabasamu tabasamu bovu. "Hakubishana hata kidogo. Anataja, basi. Na mimi wakati wote nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti chake. Hakuniambia kaa."

"Ungemwambia Faraj."

"Nimwambie nini? Kwamba mkono wangu hauna thamani? Mbele ya Bimdogo? Ingefika msikitini kabla ya adhuhuri. Babu yangu hakurudi nyuma, baba yangu hakurudi nyuma. Lakini mali ikiibwa, mkono haukuvunjwa. Aliyeibiwa huonewa huruma tu."

"Ukaja kuandikisha mwizi."

"Mwizi asiye na sura. Wallahi, Bwana Muhdhar, nilimtaka mwizi asiye na sura. Ninyi ndio mliompa sura."

"Na ulipomwona mwenye sura hiyo amefungwa pingu?"

Akbarali aliinamisha kichwa. Hili ndilo lililomtoka kwa shida kuliko yote. "Nilinyamaza," alisema. "Nilijiambia, ni mtu wa kusimama nje, atazoea."

Muhdhar aliyaandika maneno hayo kama yalivyo, akampa akatia sahihi. Alimwarifu kwamba atashtakiwa kwa kutoa taarifa ya uongo kwa polisi, na kwamba atatolewa kwa dhamana. Faraj alitoka mahabusu kabla ya magharibi na leso yake.

Ilibaki pikipiki. Mkuu wa kituo alishtuka aliposikia habari ya Kizingo, akasema mambo ya kule yaachwe kule. Muhdhar, kwa adabu, alimfungulia kitabu cha matukio. Pikipiki ilikuwa imeandikwa mle kuwa ya wizi, kwa mwandiko wa polisi na namba ya injini. Atakayeipanda atakuwa anapanda mali ya wizi, na mahakama itauliza aliuziwa na nani, kwa bei gani, na kwa nini saa kumi alfajiri. Mkuu alikifunga kitabu, akaagiza pikipiki irudishwe.

Jumapili asubuhi bwana wa Kizingo alirudishiwa mia nne zake. Muhdhar aliisukuma pikipiki mwenyewe hadi Mji wa Kale, na watu wakatoka vibarazani kuitazama ikipita.

Jumatatu, mwanga haujatambaa vizuri, Faraj alifika dukani akiwa na shati lililopigwa pasi. Bimdogo alikuwa akiwasha jiko. Inspekta, aliyekuwa akipita kwenda kazini kwa njia ndefu kuliko kawaida, alisimama kununua kitumbua.

Akbarali alifungua milango yote miwili. Alikuwa amekisogeza kiti cha mto karibu na kizingiti, na kikombe cha kahawa kilifuka moshi juu ya meza. "Karibu, Faraj. Kaa, mwanangu."

Faraj aliiweka leso mezani. Bei ya mkono, mia sita, wala mmoja wao hakuigusa habari hiyo. Hakukaa. Alionyesha honi ya shaba iliyoning'inia ukutani.

"Ile, kiasi gani?"

Uso wa Akbarali ulichanua. Mteja wa kwanza, wa kufungulia duka, siku nzima ilikuwa mikononi mwake. Angempa kwa shilingi moja. Angempa kwa senti kumi, kama yule baharia. Alijifanya kufikiri, kama alivyofanya kila asubuhi kwa wiki tatu, akataja bei ya kuanzia mabishano.

"Shilingi nne."

Akangoja. Bimdogo naye, mwiko hewani, alingoja.

Faraj alitia mkono mfukoni, akatoa shilingi nne, akazipanga mezani bila kubishana. Akaichukua honi, akaifunga kwenye usukani, akaisukuma pikipiki hadi penye nafasi, akaipiga teke moja. Injini ilinguruma kichochoro kizima, kisha ikaelekea bandarini.

Akbarali alibaki mlangoni. Shilingi nne zilikuwa bado mezani pale zilipowekwa, na kahawa ilikuwa ikipoa.