Nyumba ya Kaimenyi Ina Ghorofa Ngapi?

Mvua ilikuwa imepenya paa tena. Gladys aliingia katika nyumba ya mbao ya mama mkwe wake, Ciakuthii. Alikuta kitanda kimesukumwa hadi katikati ya chumba.

"Hapa ndipo pakavu," Ciakuthii alisema. "Kesho nitalala mlangoni."

"Vumilia, Mama. Katika nyumba mpya utapata chumba cha juu. Utauona mlima ukiwa kitandani."

"Mlima nimeuona tangu nizaliwe. Magoti yangu hayapandi ngazi. Mimi si ndege. Niacheni na mbao zangu."

Gladys alijua hatanii. Na mbao zenyewe zilikuwa zimeoza.

Nje, mumewe Kaimenyi alikuwa ametandaza ramani ya nyumba mpya juu ya pikapu yake. Yeye hununua miraa Laare. Ploti yao iko Nchiru. Juu inapakana na barabara, kisha inateremka hadi kwenye shamba la nduma karibu na mto. Masharti ya ploti yanaruhusu ghorofa mbili kamili, basi.

"Moja ya kuingilia, moja juu yake. Mbili," Kaimenyi alisema. "Huku chini kwenye mteremko ni stoo tu."

"Stoo yenye madirisha manne na choo?"

"Ya wanafunzi wa kupanga. Mwanafunzi ni kama mahindi, unamhifadhi tu."

Gladys hakucheka. "Tumwite Maxine kabla fundi hajachimba."

Maxine ni jirani yao. Kazi yake ni kukagua ramani za majengo katika ofisi ya kaunti. Alikuja jioni hiyo akiwa amevaa gambuti za mpira.

"Baba Kiogora, wewe unahesabu ukiwa barabarani," alimwambia Kaimenyi, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Kwani wageni wangu huingilia wapi? Kwenye migomba?"

"Shuka nami."

Walishuka wote watatu hadi kwenye nduma, wakageuka kutazama juu.

"Sasa niambie," Maxine alisema. "Ukuta wa mbele wa hiyo stoo, uko ndani ya udongo?"

"Hapana. Uko nje wote."

"Wa nyuma?"

"Umezama."

"Na za pembeni?"

"Zaidi ya nusu ziko nje."

"Basi sehemu kubwa ya kuta iko juu ya ardhi. Kwa masharti ya ploti yenu, hiyo ni ghorofa kamili. Hesabu tena, kutoka hapa."

Kaimenyi alinyoosha kidole. "Moja. Mbili." Akainua kidole hadi juu kabisa. "Tatu."

Kisha akauliza, "Nikirundika udongo mbele ya madirisha?"

"Wanafunzi wavute pumzi wapi?" Maxine alisema. " Mvua ikinyesha, udongo huo utaingia nao ndani. Sharti hili si la kukuonea. Mteremko ukibebeshwa mzigo mkubwa unaweza kuporomoka."

"Na nikijenga hivyo hivyo?"

Gladys ndiye aliyejibu. "Utasimamishwa kuta zikiwa nusu. Na mama yako atakuwa analala mlangoni."

Gladys alitazama mahali aliposimama. Palikuwa tambarare.

"Hapa hakuna ngazi," alisema polepole. "Mama akae huku chini. Mlango ufungukie shambani. Chumba cha pili apewe mwanafunzi mmoja, amsikie akiita. Sisi tukae pale juu, usawa wa barabara. Ghorofa ya juu iondoke."

"Na roshani yangu? Watu wa Laare nimeshawaambia!"

"Waambie wateremke."

Maxine alicheka. "Hapo mtakuwa na mbili kamili. Lakini ukuta uliozama uzuieni unyevu, na nyuma yake mchimbe mtaro wa kupitisha maji. La sivyo mama atahama mbao zilizoloa aingie mawe yaliyoloa."

"Darini naweza kuweka mahindi?" Kaimenyi aliuliza. "Au hapo pia ni ghorofa?"

"Weka. Katika ramani yako paa ni la chini. Mtu hawezi kusimama wima ila katikati tu, kwa hivyo hapahesabiwi. Lakini asilale mtu huko. Na yule shemeji yako wa Majimbo kule Embu, anayetaka kujenga kama ninyi, mwambieni asiige tu. Embu ni kaunti nyingine. Aulize ofisi ya kwao kwanza."

Ramani ilichorwa upya, ikapata kibali, na mafundi wakaanza kazi. Kaimenyi alinuna mpaka msingi ulipokwisha. Baadaye akaanza kuwaleta watu wa Laare. Aliwapitisha moja kwa moja hadi kwenye nduma, akawaambia, "Nyumba huhesabiwa kutoka hapa."

Siku ya kuhamia, Ciakuthii alitoka shambani na jembe lake begani. Alisimama mlangoni.

"Ngazi iko wapi?"

"Hakuna, Mama," Gladys alisema.

Mama aliingia na matope yake. Aligusa ukuta wa nyuma kwa kiganja. Alikinusa kiganja. Kilikuwa kikavu.

Mvua ilianza kupiga mabati kule juu. Ciakuthii alitazama juu, akangoja. Halikudondoka tone.

Kitanda chake kilikuwa kimewekwa katikati ya chumba, kama alivyozoea. Alikishika kwa mikono miwili, akakisukuma hadi ukutani, akalala.